Sura ya Sita: Kijani Kilichotulia

Chini ya mnara wa simu huwa pana kibanda au kabati la chuma, na ndani yake kadi zimepachikwa safu kwa safu, kila moja na vitaa vyake usoni. Katika mitambo mingi ya Huawei, ambayo imejaa minarani kote Afrika Mashariki, kitaa cha kwanza ni cha kijani na pembeni yake pameandikwa RUN. Mgeni akikiona kinawaka tuli atashusha pumzi: kijani, mambo salama. Fundi akikiona hivyo atatafuta mahali pa kukaa, maana kazi imeanza. Kwenye kadi hizo, kijani kilichotulia maana yake umeme umefika lakini kadi ni mbovu. Kadi iliyo nzima huwaka sekunde moja na kuzima sekunde moja, usiku na mchana. Ikipepesa mbio, mara nne kwa sekunde, inapakia programu zake. Iachwe imalize, na asitokee mtu wa kuizima kwa kukosa subira.

Sababu ya mpango huo ni nyepesi ukishaelezwa. Kuwasha taa hakuhitaji akili: peleka umeme, itawaka, hata kama kila kitu nyuma yake kimekufa. Kuiwasha na kuizima kwa kipimo ni kazi ya programu iliyo hai, inayozunguka na kurudi kila mara kwenye agizo lile lile la washa, kisha zima. Programu ikikwama, taa hubaki ilivyokutwa. Mlinzi wa shule ya bweni aliyekuwa akigonga kipande cha reli kila saa hakuwa akiwatangazia wanafunzi saa peke yake. Alikuwa akimthibitishia mwalimu mkuu kwamba hajalala. Kitaa cha RUN ndiyo kazi yake.

Elimu hii si ngeni kwa msomaji wangu kama anavyodhani. Mwenye mita ya LUKU nyumbani amekwisha kuona kitaa chekundu kinachopepesa usoni mwake. Kwenye mita nyingi pameandikwa idadi ya mapigo kwa uniti moja, mara nyingi 1,000, yaani kitaa kikipepesa mara elfu, uniti imekwenda. Anayechomeka pasi na kuona kitaa kimeongeza kasi amesoma kipimo cha umeme bila kufundishwa na mtu. Na hapo nyekundu haina hatari yoyote. Rangi hiyo hiyo ikiwa kwenye kadi ya mnara, pembeni ya herufi ALM, ni habari nyingine. Ikiwaka tuli, kadi ina hitilafu na huenda ikabidi ibadilishwe. Ikipepesa, hitilafu ipo lakini chanzo chake kinaweza kuwa kwa jirani: kadi ya pembeni, au waya unaoingia kutoka nje. Fundi mwenye pupa anayeng'oa kadi kwa kuwa tu ameona nyekundu anaweza kumaliza akiba ya vipuri ya mkoa mzima, na tatizo likabaki pale pale.

Rangi zina kanuni za kimataifa. Shirika la IEC lina kiwango namba 60073 kinachosema nyekundu ni hatari, njano ni hali isiyo ya kawaida, kijani ni salama. Lakini watengenezaji hawakutaka rangi ibebe mzigo wote, na walikuwa na sababu. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, takriban 8 kati ya 100 hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya kabati la simu atasaidiwa na mwendo wa taa, na mahali ilipo, kuliko rangi yake. Ndiyo maana swali la kwanza la fundi mzoefu akipigiwa simu huwa hili: inapepesa au imetulia? Rangi huulizwa baadaye.

Sasa tushuke ziwani, kwa sababu hakuna mahali pazuri pa kuonyesha udhaifu wa vitaa hivi kuliko njia ya mawasiliano kati ya Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa.

Nchi yenyewe ina ubishi. Uso wa ziwa uko kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyuma yake milima inapanda kwa ukali hadi Umatengo, nchi ya kahawa na ya kilimo cha mashimo kiitwacho ngoro, ambako vilele vinakaribia mita 2,000. Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami inayoshuka kwa kona. Hadi mwaka 2012 mwambao huu ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga. Mwaka huo ikazaliwa Wilaya ya Nyasa, makao makuu yakiwa Mbamba Bay. Kugawa wilaya kulihitaji saini. Kugawa milima hakuwezekani, na mawimbi ya redio yanayobeba simu kutoka mnara hadi mnara hayapindi kona. Masahani mawili ya maikrowevu lazima yaonane uso kwa uso, na kilima kikiingia kati, mnara mwingine lazima usimame juu ya kilima hicho.

Kwa hiyo simu inayopigwa kijijini mwambaoni kwenda Dar es Salaam huruka kwa vituo. Njia hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini umbo lake ni hili: kutoka simu ya mkononi hadi antena ya mnara wa kijiji, kutoka hapo kwa sahani hadi mnara wa mlimani, pengine mlima mwingine tena, kisha kufika mahali penye faiba na kuingia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao Songea ni kituo chake kimoja. Kila kituo kina kabati lake, na kila kabati vitaa vyake.

Kila kitaa kinamjua jirani yake tu. Kwenye tundu la kebo ya mtandao kuna kitaa cha kijani kinachowaka waya ukiwa mzima hadi ncha ya pili, na mara nyingi kingine kinachopepesa data inapopita. Tuseme kebo hiyo, katika kituo cha Mbinga, inakwenda kwenye redio ya sahani inayotazama mlimani. Kijani pale kinasema: mimi na redio yangu tunasikilizana. Hakisemi kama redio ya Mbinga inasikilizana na redio ya mlimani, wala kama mlima unaongea na Mbamba Bay, wala kama mtu wa Liuli, kule mwambaoni, ameweza kutuma hela leo. Kibanda cha Mbinga kinaweza kuwa kijani kitupu, kinapendeza kukiangalia, huku vijiji vitatu vya chini havina mawasiliano tangu asubuhi. Anayepiga picha ya kabati na kuituma kwa bosi wake kama ushahidi kwamba kila kitu kiko sawa amepiga picha ya ukweli mdogo sana.

Na ziwa lina vituko vyake. Boriti ya maikrowevu ikipita juu ya maji, sehemu yake hugonga uso wa ziwa na kurudi juu kama kwenye kioo. Sahani ya upande wa pili hupokea mawimbi mawili ya habari moja, la moja kwa moja na lililodunda, na mawili hayo yakifika yakipishana kwa nusu ya urefu wa wimbi, huuana. Kiungo kinakatika sekunde kadhaa, kinarudi, kinakatika. Fundi akifika baada ya saa tatu, kitaa ni kijani, na mlinzi wa mnara anaapa kwamba kilikuwa chekundu. Mlinzi hasemi uongo. Kitaa hakina kumbukumbu, ni cha sasa hivi tu. Kumbukumbu iko ndani ya mtambo, kwenye orodha ya alamu yenye saa na dakika, na huko ndiko fundi hodari anakokwenda kabla hajagusa waya. Dawa ya maji yanayodunda ni kufunga masahani mawili kwenye mnara mmoja, moja juu ya jingine, yote yakitazama upande uleule: pale lile la juu linapouliwa, la chini huwa bado linasikia. Ukiona mnara wenye masahani pacha ya namna hiyo karibu na maji, usidhani kampuni ina hela za kuchezea.

Umeme unastahili kurasa zake, kwa sababu hitilafu nyingi zinazoitwa za mtandao ni za umeme.

Ruvuma iliishi kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi, hadi mwaka 2018 laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea na mkoa ukaingia Gridi ya Taifa. Mtambo wa simu, hata hivyo, hauli umeme wa TANESCO moja kwa moja. Unakula umeme wa betri, volti 48 hasi. Hasi kwa sababu wazee wa simu waligundua kwamba waya wa shaba uliozikwa ardhini huliwa na kutu polepole zaidi ncha chanya inapoungwa na ardhi. Na 48 kwa sababu ni betri nne za volti 12 zilizofungwa mkia kwa kichwa. Kati ya TANESCO na betri husimama rektifaya, visanduku vinavyogeuza umeme wa gridi na kuushikilia kwenye volti 54 hivi ili betri zishibe. Rektifaya nyingi zina vitaa vitatu: kijani cha kazi, njano ya kujihami, nyekundu ya ubovu. Njano ndiyo yenye maneno. Haisemi kisanduku kimekufa. Inasema kimejizuia, kwa joto au kwa umeme mbaya unaoingia.

Mazungumzo ya namna hii hupita kila siku kati ya fundi aliye mjini na mlinzi aliye mlimani:

«Shikamoo mzee.»

«Marahaba, fundi. Habari za huko?»

«Njema, mzee wangu. Nifungulie lile kabati la umeme. Kuna visanduku vitatu vimekaa pamoja, unaviona?»

«Naviona. Viwili vina kijani. Cha tatu kina njano.»

«Njano inapepesa au imetulia?»

«Imetulia tuli.»

«Na taa ya kibandani kwako ikoje leo?»

«Inafifia, fundi. Tangu jana haina nguvu, hata redio yangu inakoroma.»

Fundi ameshapata jibu na hajavaa viatu. Umeme wa njia tatu umegawanywa, kila fezi kwenye kisanduku chake. Fezi moja imeshuka: kisanduku kilicho juu yake kimejihami, na balbu ya mlinzi, iliyo kwenye fezi hiyo hiyo, inafifia. Hakuna cha kubadilisha kibandani. Simu inayofuata ni ya kwenda TANESCO. Katika mazungumzo haya chombo bora cha kupimia kilikuwa balbu ya mzee, ambayo hakuna mhandisi aliyeiweka pale kwa kazi hiyo. (Mnara ukiwa umekufa kabisa, mlinzi huyu hawezi kupiga simu kwa laini ya mwajiri wake. Walinzi wengi huweka laini ya kampuni shindani, na hakuna anayewalaumu.)

Gridi ikikatika na jenereta isipowaka, betri huanza kuisha. Hazitaachwa ziishe kabisa, kwa sababu betri iliyokamuliwa hadi mwisho huharibika. Zikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, swichi hukata mzigo, na katika vituo vingi hukata kwa awamu mbili. Kwanza hukatwa redio zinazohudumia watu wa kijiji hicho, maana ndizo zinazokula sana. Masahani yanayopitisha mawasiliano ya vijiji vya mbele huachwa yaendelee kwa umeme uliobaki. Matokeo yake huzua manung'uniko ya haki: watu walio chini ya mnara, wanaouona kwa macho, hawana mtandao, wakati ndugu zao walio mbele zaidi wanaongea kupitia mnara huo huo. Ndani ya kibanda, safu moja ya vitaa imezima kabisa na nyingine inapepesa kwa amani. Asiyejua mpango huu atadhani kadi zimeungua, ataomba kadi mpya kutoka Dar es Salaam, na umeme ukirudi zile za zamani zitawaka zenyewe.

Radi nayo ina taa zake ambazo si taa. Kwenye kisanduku cha umeme huwa pamefungwa vikinga radi vyenye kidirisha kidogo. Ndani yake kijani ni kipande cha plastiki tu. Radi ikipiga na kikinga kikajitoa mhanga, kipande hicho husogea na chekundu huchukua nafasi yake. Hakihitaji umeme kusema, na ndiyo maana kinaaminika. Baada ya mvua za Desemba kule milimani, kidirisha hicho ndicho cha kuangaliwa kwanza, lakini hakipo kwenye kabati lenye vitaa vingi na wengi hukisahau.

Vitaa vyenyewe vina umri mdogo kuliko simu. Kwenye mbao za kwanza za kuunganishia simu, mteja alipoita kilianguka kifuniko kidogo cha chuma na opereta akajua. Mwishoni mwa karne ya 19 vifuniko vikaanza kupisha balbu ndogo za nyuzi, na balbu zikaleta mashaka mapya: iliyozima imezima kwa sababu hakuna mteja, au imeungua? Hapo ndipo kilipozaliwa kitufe cha kujaribia taa, ambacho ukikibonyeza zote huwaka mara moja. Tarehe 9 Oktoba 1962, Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric alionyesha kitaa chekundu kisicho na uzi wa kuungua, kilichotokana na fuwele ya galiamu, aseniki na fosforasi. Nyekundu ilitangulia kwa sababu za kifizikia; kijani na njano vikafuata. Buluu angavu ilisubiri hadi Shuji Nakamura alipoitoa mwaka 1993, kazi iliyompa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. Ukikutana na mtambo wenye kitaa cha buluu, basi ni wa baada ya hapo. Kwa maoni yangu buluu nyingi zilizopo siku hizi ni za urembo.

Kitufe cha kujaribia hakijafa. Washa rauta na uiangalie vizuri: mara nyingi vitaa vyote huwaka pamoja kwa kitambo kidogo, kisha kila kimoja hushika kazi yake. Ndipo unapojua ni vipi vinaweza kuwaka. Kitaa ambacho hakikuwaka wakati huo hakitakuambia lolote baadaye, hata nyumba ikiungua.

Faiba imeleta jambo la kuchekesha kidogo: taa inayotoa habari za mwanga usioonekana. Kisanduku cha faiba kinachofungwa ofisini au nyumbani hupokea mwanga wa urefu wa wimbi nanomita 1,490 na kujibu kwa 1,310, yote nje ya uwezo wa jicho. (Usichungulie ncha ya faiba kuthibitisha, hutaona kitu, na jicho linaweza kuumia.) Kitaa kilichoandikwa PON kikitulia, na hapa kutulia ndiko kuzuri, kisanduku kimesajiliwa na mtambo wa kampuni. Kikipepesa, kinabisha hodi na hakijafunguliwa. Kitaa cha LOS kikipepesa chekundu, mwanga haufiki kabisa: faiba imekatwa na jembe la wachimba mtaro, au imepindwa mno nyuma ya kabati la nguo. Jaribu kwanza la pili, ni bure.

Kisanduku hicho kina tabia nyingine ninayoipenda. Umeme ukikatika, huwa kimebakiwa na chembe ya nguvu ndani yake, na kabla hakijazima hutumia chembe hiyo kupeleka ujumbe mmoja wa mwisho: nakufa kwa kukosa umeme. Kampuni hupata habari hiyo na kujua kwamba hakuna haja ya kutuma mafundi wa faiba. Kikitoweka bila kuaga, ni waya. Ukipigia huduma kwa wateja na dada akakuuliza kwa upole kama nyumbani kuna umeme, mara nyingi ana jibu mbele yake.

Vile vijistari kwenye kioo cha simu ya mkononi navyo ni kitaa cha hali, na ndicho kinachodanganya watu wengi zaidi. Mvuvi wa usipa akitoka usiku na karabai zake hadi katikati ya ziwa anaweza kuona vijistari viwili na bado simu isitoke. Vijistari hupima jinsi simu inavyousikia mnara. Havipimi jinsi mnara unavyoisikia simu. Mnara una sauti kubwa na umesimama juu. Simu iko ndani ya mtumbwi, ina betri ndogo. Pia kuna mpaka mwingine, wa muda. Kwenye teknolojia ya kizazi cha pili, kila simu hupewa kipande chake cha muda cha kusema, na ujumbe wa simu iliyo mbali huchelewa njiani. Mnara huiambia simu iwahi kidogo kulingana na umbali, kwa hatua 63 za mita 550 hivi kila moja. Zidisha: kilomita 35 kwa hesabu ya jumla. Nje ya hapo simu hata ingesikika kwa nguvu, maneno yake yangeangukia kwenye zamu ya mwenzake. Ziwa Nyasa lina sehemu zenye upana wa kilomita 75 hivi. Mvuvi aliyevuka kilomita 35 anaweza kuendelea kutazama vijistari kwa matumaini, mnara wake umekwisha kumkataa kwa hesabu.

Mwambao huu umewahi kulipa gharama ya habari kutofika, na tukio lenyewe linasimuliwa katika vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1914 waya wa telegramu aliouanzisha Cecil Rhodes ulikuwa umepita upande wa magharibi wa ziwa, katika himaya ya Waingereza, kuelekea Ujiji. Upande wa mashariki Wajerumani walikuwa na bandari ya Sphinxhafen, ambayo leo ni Liuli, na meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Tarehe 13 Agosti meli ya Waingereza, Gwendolen, ikatokea na kupiga mzinga. Nahodha wake, Rhoades, na nahodha wa Kijerumani, Berndt, walikuwa marafiki wa chupa. Inasimuliwa kwamba Berndt aliruka kwenye kimashua akapiga makasia kumfuata rafiki yake, akimuuliza kwa hasira kama amerukwa na akili. Hakuwa na habari kwamba nchi zao zilikuwa vitani tangu tarehe 4. Alichukuliwa mateka. Kwa siku tisa hali yake ilionekana njema kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumwambia vinginevyo.

Mitambo ya leo imejifunza kutouamini ukimya. Mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa pendekezo X.733 linalopanga alamu kwa ngazi, kuanzia ile ya maafa hadi onyo tu, na vyumba vya usimamizi wa mitandao huzipaka rangi kwenye vioo: nyekundu, chungwa, njano. Rangi mbaya kwa mtu wa zamu ya usiku si hizo. Kituo kinachopiga kelele za nyekundu bado kinaongea. Kinajieleza, kadi fulani, saa fulani. Kituo kilichopoteza njia hakiwezi hata kulalamika, na kwenye kioo hugeuka kijivu. Kwa hiyo mfumo hauketi kusubiri alamu. Huvipigia vituo hodi kila baada ya muda na kuhesabu ambavyo havikuitika. Na kama kituo kilichonyamaza ni kile cha mlimani, vyote vilivyo nyuma yake vitageuka kijivu pamoja. Mtu wa zamu asiyejua ramani ya Nyasa ataona vituo vinne vimekufa na kuandika ripoti nne. Anayeijua ataandika moja.

Idadi ya vituo hivyo inaongezeka. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku kwa minara ya vijijini ambako kampuni zisingekwenda kwa hesabu za biashara, na Mei 2023 mikataba ya minara 758 ilitiwa saini Dodoma. Kila mnara mpya ni kabati jingine la vitaa, mara nyingi mahali ambapo fundi wa karibu yuko saa kadhaa kwa gari.

Fundi huyo, akitumwa usiku kushuka kutoka Mbinga kwa ajili ya kituo kilichogeuka kijivu, husoma taa yake ya kwanza akiwa bado barabarani. Kileleni mwa mnara huwekwa taa nyekundu ya kuzionya ndege, na kutoka kwenye kona za juu huonekana mbali. Ikiwa inawaka, kibandani kuna umeme, na tatizo huenda likawa redio au sahani. Ikiwa imezima, afikirie mafuta na betri, na ni afadhali alifikirie hilo kabla hajapita kituo cha mafuta. Lakini katika minara mingine taa ya kileleni ina sola na betri yake yenyewe, haijaungwa na chochote kibandani, na itaendelea kuwaka juu ya mtambo uliokufa tangu juzi. Fundi mwenyeji anajua ni minara ipi iko hivyo. Mgeni hupakia vyote viwili, dumu la dizeli na redio ya akiba.